Namba Zilizomshtaki Mtetea

Mume wangu wanamwita Mtetea, yaani kuku jike, na usicheke, kwa sababu yeye mwenyewe hacheki. Jina alilipata kazini, kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga, mwaka wa pili tu tangu aajiriwe. Msimamizi wake alimkuta ameinamia trei ya mayai anayasemesha. "Huyu amekuwa mtetea kabisa," msimamizi akasema, "bado kuatamia tu." Basi likamganda. Sasa ni mwaka wa kumi na tisa, na hata mimi mkewe wa ndoa, nikitaka kumuudhi, namwita hivyo hivyo.

Nawasimulia mimi yaliyompata mwaka huu kwa sababu yeye ukimuuliza atakwambia "tulipitia kidogo," basi. Kidogo! Mtu aliacha kushika vitu ndani ya nyumba yake mwenyewe, halafu anasema kidogo. Wanaume jamani.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Kila wiki kituo hupokea kundi la mayai, huyaingiza kwenye mashine, na baada ya siku ishirini na moja vifaranga hutoka. Mashine ni za zamani. Trei hazijigeuzi, mtu lazima avute mpini kila baada ya saa chache, aangalie joto, aongeze maji ya unyevu. Siku ya kumi mayai humulikwa kwa tochi katika chumba cha giza. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu. Lisilo na kitu linaonekana jeupe tupu, na hilo ni viza, hutolewa. Siku ya mwisho wanahesabu: katika kila mayai mia, vifaranga wangapi wametoka. Wakitoka themanini watu wanapeana mikono. Wakitoka sitini kila mtu anakwepa macho ya mwenzake.

Na pale kituoni kulikuwa na imani moja ambayo haikuandikwa popote: kwamba mume wangu ana mkono. Eti mayai yakigeuzwa na Mtetea yanatulia. Mashine ikizingua, mwiteni Mtetea. Kundi likionekana bovu, mwiteni Mtetea. Naye, ingawa hakuwa mtu wa kujisifu, alikuwa akirudi nyumbani siku ya kuangua na kifua mbele, anakaa kwenye kiti kando ya cherehani yangu na kunitungia uzi kwenye sindano bila kuombwa, maana macho yangu siku hizi hayaoni tundu.

Mwaka huu akaja Bosi Mpya. Ni mama wa makamo, mpole wa sauti, kompyuta haimtoki mkononi. Sikumpenda tangu siku ya kwanza, nasema ukweli. Mtu anayesema polepole hivyo, mimi huwa naona ana jambo. Wiki sita za kwanza zilikuwa mbaya pale kituoni, na wenye mali wakamuuliza kulikoni. Akakaa na kompyuta yake, akachora.

Jumatatu moja akamwita mume wangu ofisini. Kwenye karatasi kulikuwa na nukta sita, kila nukta kundi moja. Kwa chini ameandika siku ambazo Mtetea alikaa na kundi hilo, kwa upande ameandika vifaranga waliotoka katika kila mayai mia. Nukta zinaanza juu kushoto, zinashuka kuelekea kulia. Kundi alilokaa nalo siku kumi lilitoa themanini na nne. Alilokaa nalo siku kumi na saba lilitoa sitini na nane.

"Mzee wangu," Bosi Mpya akamwambia, "sikusemi vibaya. Lakini unavyozidi kukaa na mayai, ndivyo yanavyozidi kuharibika. Namba ndizo zinazosema."

Jumatatu inayofuata atahamia stoo ya chakula cha kuku. Chumba cha mashine apewe mtu mwingine.

Alipofika nyumbani nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyovua viatu: kimoja kimoja, kwa muda mrefu, kama vinamuuma. Akanieleza. Nikawaka. Nikamtukana Bosi Mpya, nikamtukana na aliyebuni kompyuta, nikataka kuvaa twende huko huko nikampe vidonge vyake. Yeye akavipanga viatu vyake mlangoni.

"Usimtukane," akasema. "Nimeuona mstari kwa macho yangu. Umeshuka kweli."

Hapo ndipo niliposhtuka. Kumbe hakuwa amekasirika. Alikuwa ameamini.

Siku mbili zile sitaki kuzikumbuka. Ana miche yake ya nyanya nyuma ya nyumba, aliacha kuimwagilia. Akaniomba nimwagilie mimi. Nikamwambia avunje mayai mawili tukaange, akasema hana njaa. Nikampa sindano anitungie uzi, akaweka mikono mapajani. "Mwambie mtoto wa jirani," akasema. Uzi na sindano, jamani! Mkono mbaya unaharibu nini kwenye uzi? Kuhamia stoo ningekuvumilia, kazi ni kazi. Ila mtu mzima kuogopa mikono yake mwenyewe, hilo lilinishinda.

Jumatano asubuhi, mume wangu akiwa mapumzikoni, kitinda mimba wetu akaingia na begi lake, chuo kimefunga. Binti huyu anasoma takwimu. Miaka miwili sisi tulikuwa tunawaambia watu anasomea benki, kwa sababu kila akitueleza takwimu ni nini tulikuwa tunasinzia. Babaye humwita Profesa kwa utani. Siku hiyo hakumwita Profesa. Alimwitikia shikamoo yake, akamtolea ile karatasi ya nukta, akasema, "Hebu soma hukumu ya baba yako."

Binti akaitazama. Akavuta kiti mezani, akatoa simu, akapiga hesabu.

"Kuna namba inayopima vitu viwili vinavyofuatana," akasema. "Ikiwa moja, vinapanda pamoja bila kukosea. Ikiwa moja ya kutoa, kimoja kikipanda kingine kinashuka bila kukosea. Ikiwa sifuri, kila kimoja kiko na hamsini zake. Hii yako, baba, ni sifuri nukta saba ya kutoa."

"Si kubwa hiyo?" nikauliza.

"Ni kubwa."

"Sasa umekuja kutusaidia au kutukandamiza?"

"Mama, ngoja. Kubwa siyo swali. Swali ni kama makundi sita tu yanaweza kuitoa namba hiyo kwa bahati, bila baba kuwa na kosa lolote." Akachana karatasi vipande sita, akaandika kwenye kila kimoja idadi ya vifaranga wa kundi moja: themanini na nne, sabini na tisa, themanini na moja, sabini, themanini, sitini na nane. Akavitia kwenye bakuli la plastiki ninaloloweka vifungo. Kisha akapanga mezani siku za baba yake, kuanzia kumi mpaka kumi na saba.

"Tuseme mkono wa baba haudhuru wala haufai kitu," akasema. "Basi vifaranga hawa wangeweza kuangukia siku zozote. Sivyo? Haya mama, changanya, utoe kimoja kimoja, baba avipange, mimi nipige hesabu. Tunafanya mara mia."

"Mara mia! Mimi nina gauni la watu."

"Mara mia, mama."

Mume wangu hakutaka kugusa vipande. Nikachanganya mimi, nikatoa mimi, nikapanga mimi, na mdomo wangu haukupumzika. Mara ya kwanza namba ikatoka ndogo. Ya pili ndogo. Ya saba ikatoka kubwa, mstari umeshuka kuliko hata wa Bosi Mpya. "Ala!" nikasema. Ya kumi na tatu ikatoka kubwa tena lakini imepanda. Kwa hesabu ile Mtetea ni mfalme wa mayai. Hapo nikaona mume wangu amesogeza kiti. Kufika ya thelathini alikuwa anavipanga mwenyewe, kwa ncha za vidole, na hakugundua kama nimeacha kumpangia. Nami nikajifanya hamnazo.

Tulimaliza mchana. Katika mara mia, mara kumi na mbili bahati peke yake ilikuwa imetoa mstari ulioinama vile au zaidi, uwe wa kupanda au wa kushuka.

"Wenye kazi hii wana mpaka wao," binti akasema. "Bahati ikiweza kufanya hivyo chini ya mara tano katika mia, tunaanza kusema hapa kuna kitu. Mara kumi na mbili ni nyingi mno. Makundi sita hayawezi kumfunga mtu, baba. Huyo mama amehukumu mapema."

Mume wangu akashusha pumzi ndefu. Kisha akala, sahani mbili.

Alhamisi akaenda kazini na maelezo ya binti kwenye karatasi. Nilidhani Bosi Mpya atamtimua. Thubutu, hakumtimua. Alisoma, akakuna shavu, akasema, "Ni kweli. Sita ni chache, nami niliyasoma haya nikayasahau kwa kuharakisha. Basi tusikisie. Chukua daftari lote, makundi thelathini na sita, binti yako ahesabu. Zijulikane mbivu na mbichi." Akamtolea nakala ya kurasa zote. Siku ya kuhamia stoo ilibaki pale pale, mpaka majibu yapatikane.

Jioni ile ile binti akaingiza namba kwenye kompyuta yake. Safari hii hakukuwa na bakuli. Kompyuta ilichanganya yenyewe mara elfu kumi, na sisi tumesimama nyuma yake kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Nikamwona amesogelea kioo. Akarudia tangu mwanzo. Kisha akaufunga mfuniko wa kompyuta.

"Sema," babaye akasema.

"Baba, labda nimekosea kuandika mahali."

"Sema, mwanangu."

"Namba yenyewe imepungua, ni sifuri nukta nne sita ya kutoa. Lakini makundi sasa ni mengi. Katika mara elfu kumi, bahati imeweza kufanya hivyo mara arobaini na nane tu." Sauti yake ikawa ndogo. "Hiyo haifiki hata moja katika mia. Siyo bahati, baba."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Akatoka nje, akaenda kusimama kwenye miche yake, mikono nyuma.

Nilimgeukia yule mtoto kwa hasira nisiyokuwa nayo haki. "Umeridhika? Si tulikuwa tumeshamaliza na vikaratasi vyetu? Nani alikutuma kuchimba?" Maskini, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa amekuja kumsafisha babaye, na sasa yeye ndiye aliyemtia kitanzi. Akafungua tena kompyuta, akawa anatazama tu, kundi moja moja. Nikaketi karibu yake kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

"Ni yale aliyokaa nayo siku nyingi," akanung'unika. "Yote mabaya. Ona hili la mwezi wa tatu. Siku kumi na saba, wametoka sitini na mmoja."

"Mwezi wa tatu lini?"

"Liliangaliwa mpaka wiki ya mwisho ya mwezi."

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu! Loo, siku hiyo naijua mimi. Ilikuwa harusi ya mtoto wa mdogo wangu. Nilishona nguo zetu kitambaa kimoja, mimi na mume wangu, na niliketi peke yangu mstari wa mbele, kando yangu kiti kitupu, watu wananiuliza shemeji yuko wapi. Yuko wapi? Yuko na mayai! Msimamizi alikuja kugonga mlango asubuhi tunavaa, siku ya mapumziko ya mtu, "Mtetea, kundi limechafuka, tuokoe," na mume wangu akavua suti akavaa ovaroli.

"Alikwenda kwa kuitwa," nikasema.

"Kuitwa vipi?"

"Kuitwa! Ugeni gani huu? Miaka yote wanamwita. Wakimulika mayai wakiona viza vimejaa, wanamfuata hapa hapa siku zake za kupumzika, eti ana mkono."

Binti akanitazama kama nimeota pembe. "Mama. Unakumbuka siku zipi?"

Nikakumbuke nini? Nilikuwa nimeandika. Sasa hapa niungame, maana mume wangu hakuwa anajua. Kila siku waliyomchukua katika mapumziko yake, niliweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda, na mwaka ukiisha naitia chini ya godoro. Nilikuwa nangoja siku moja tugombane vizuri nimtolee ushahidi wote, mwaka kwa mwaka. Nikainua godoro, nikaleta ya mwaka jana, na ya mwaka huu nikaing'oa ukutani.

Tukakaa, yeye anasoma tarehe za kumulika kwenye daftari, mimi nasoma misalaba. Kundi la kwanza: limemulikwa Ijumaa, viza vingi, msalaba Jumapili. La pili: viza vichache, hakuna msalaba. La tano: limemulikwa Jumanne, viza vimejaa, msalaba Jumatano, msalaba Alhamisi. Tulipofika la kumi binti alikuwa anapiga meza kwa kiganja. Hakuna msalaba hata mmoja uliotangulia kumulika. Yote ilikuja nyuma yake, siku moja au mbili.

"Mama, mayai hayakuharibika kwa sababu baba alikaa nayo. Alikaa nayo kwa sababu yalikuwa yameshaharibika! Viza vilishatolewa na kuhesabiwa kabla hajaitwa!"

Nikaelewa mara moja. Ni sawa na mtu anilaumu mimi fundi cherehani kwa nguo zote zilizochanika mtaani, kwa kuwa kila nguo iliyochanika inakutwa kwangu.

"Sasa hesabu tena," nikamwambia. "Hayo ya kuitwa yaweke kando."

Makundi ya kuitwa yalikuwa kumi na manne. Yakabaki ishirini na mawili, yale ambayo siku za mume wangu zilipangwa na ratiba ya zamu kabla yai lolote halijamulikwa. Akaingiza. Kompyuta ikachanganya mara elfu kumi. Nilifumba macho, wallahi.

"Sifuri nukta sifuri sita," akasema. "Mama, hakuna kitu. Bahati inafanya hivi mara sabini na tisa katika mia. Hakuna kitu kabisa!"

Nikatoka nje mbio, kanga mkononi, nikimwita kwa jina lake la kuzaliwa, jambo ambalo silifanyi ovyo. Tukamvuta ndani, tukamweleza wote wawili kwa pamoja mpaka akatuomba tuseme mmoja mmoja. Alipoelewa akakaa chini.

"Kwa nini hukumwambia Bosi kuwa unaitwa?" nikamuuliza.

"Sikuona kama inanisaidia," akasema. "Niliitwa kuyaokoa, na sikuyaokoa. Si ndiyo kuharibu huko?"

Nikamshika bega.

Ijumaa nilifunga cherehani nikaenda nao. Sikutaka kusimuliwa. Ofisi ya Bosi Mpya ni chumba kidogo chenye kabati la chuma na feni inayolia, na viti vitatu, kwa hiyo msimamizi alipoitwa alisimama. Binti akaeleza. Nikaweka kalenda zangu mezani. Bosi Mpya akazifungua, akapitia misalaba na daftari la kumulika bega kwa bega, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona faida ya mtu asiyekuwa na papara.

"Hii ni misalaba ya nini hasa, mama?" akaniuliza.

"Ya hasira," nikamjibu. Ndivyo ilivyokuwa.

Akamgeukia msimamizi. "Ni kweli ulikuwa unamwita nje ya zamu?"

Msimamizi akatazama viatu vyake. Huyu ndiye aliyempa mume wangu jina, wamekula pamoja miaka kumi na tisa. "Ni kweli," akasema. "Tumezoea hivyo toka zamani. Na ulipochora ule mstari nilijua umetokea wapi. Nikaogopa kusema, maana kumtoa mtu kwenye mapumziko hairuhusiwi. Nikasema labda yatapita." Akamgeukia mume wangu. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuachia mzigo wangu."

Mimi ningemtolea uvivu pale pale. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mume wangu akanigusa goti, kisha akamwambia, "Yamekwisha." Basi, yakaisha, ingawa kwangu yalichukua wiki mbili zaidi.

Bosi Mpya alivua miwani. "Namba zangu zilikuwa sahihi," akasema, "lakini sikuuliza zilivyofika kwenye daftari. Mzee wangu, ningekutoa kwenye kazi uliyoitwa kuifanya. Naomba radhi. Jumatatu uko kwenye mashine zako." Kisha akamuuliza binti yetu anamaliza chuo lini. Nilimsamehe nusu hapo hapo.

Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kuruhusiwa wodini. Nilipika, tukala mapema, mume wangu akamwita binti Profesa mara tatu. Akawa anaguna wimbo. Kisha akaacha kijiko.

"Profesa. Kwa hiyo mkono wangu si mbaya."

"Si mbaya, baba. Hakuna hata dalili."

"Na uzuri wake?"

Binti akanitazama. Nikamkodolea macho nikimwambia bila sauti, danganya, mtoto wewe, danganya. Lakini huyu amemrithi babaye.

"Nao hauonekani, baba," akasema taratibu. "Katika makundi yale ishirini na mawili, ukikaa siku nyingi au chache, wanatoka vile vile. Mayai yakiwa mazuri yanaanguliwa. Yakiwa mabaya, hayaanguliwi. Joto likiwa sawa na mpini ukivutwa kwa wakati, yeyote anatosha."

Nilitamani kumfinya chini ya meza. Miaka kumi na tisa ya kutembea kifua mbele, na kimevunjwa na mtoto aliyemlipia ada mwenyewe. Mume wangu aliinua mikono yake, akaitazama, viganja na nyuma. Nilijiandaa kwa lolote. Midomo ikamcheza, na nilipodhani atalia, akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, na katikati ya kicheko machozi yakashuka kweli, na wala hakuyafuta.

"Mnakumbuka mwaka niliokwenda kumzika mama?" akasema. "Nilikaa msibani siku nne. Nikarudi nikakuta kundi zima limekufa ndani ya maganda. Karibu elfu mbili. Hakuna aliyenilaumu. Lakini wote waliniambia, ungekuwepo, Mtetea. Ungekuwepo." Akapumua. "Miaka kumi na moja. Kila nikiikumbuka siku ya kumzika mama, nakumbuka na yale mayai. Najiuliza kama ilinipasa kurudi mapema."

Hakuwa amewahi kuniambia. Miaka kumi na moja tunalala kitanda kimoja.

"Yangekufa hata ungekuwepo, baba," binti akasema.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hilo nililolisikia."

Kundi lililofuata lilimulikwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumapili asubuhi, tukiwa bado kitandani, mlango ukagongwa. Mlio ule naujua hata usingizini. Nikajitanda kanga, damu inachemka, nina maneno ya miaka kumi na tisa ulimini. Msimamizi amesimama nje, kofia mkononi, aibu imemjaa usoni.

"Shemeji, najua namba zilivyosema," akaanza. "Lakini viza viko vingi sana, moyo hautulii..."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mume wangu ikatoka chumbani, nzito ya usingizi, wala haina ugomvi.

"Geuzeni kwa saa, angalieni maji. Walio hai watatoka. Mimi leo nimelala."

Msimamizi akabaki pale kidogo, akavaa kofia, akaniaga. Nilirudi chumbani na maneno yangu yote, sina wa kumpa. Mume wangu alikuwa ameshageukia ukutani, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, wazi, anakoroma. Aliamka saa sita mchana.